Pasi kwa Mama Mkwe

Siku mliponiaga pale ofisini, mabinti wa timu, mlinikalia kooni: mama, uandike. Uandike ulivyocheza, ulivyofika hadi timu ya taifa, na zile ishara zenu zilivyoanza. Nikawajibu kwamba mimi ni mtu wa nyumbani ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitolewa nje kwa nguvu kila Jumamosi, na mtu wa namna hiyo hana kumbukumbu, ana manung'uniko. Mkacheka, mkadhani natania. Basi nimestaafu, maharage yamekwisha kupigwa na kuingia ndani, mvua inanyesha hapa Nyarubungo na sina pa kwenda. Hata ningekuwa napo nisingeenda. Naandika.

Habari za vyeo msizitafute humu. Niliajiriwa mhudumu wa ofisi, nikastaafu mhudumu wa ofisi mwenye funguo nyingi zaidi. Mshahara ulikuwa mfupi, kwa hiyo na habari yake iwe fupi. Nitakayoeleza ni ya mpira wa pete, maana huo ndio ulioniajiri. Ufagio na birika la chai vilikuwa vinanisindikiza tu.

Nimezaliwa Mabawe, kule Ngara, na kurusha nilifundishwa na udongo. Baba alikuwa fundi wa kukandika nyumba za watu. Yeye alikaa juu kwenye kichanja, mimi chini kwenye lundo la tope, na kazi yangu ilikuwa kuviringa tonge la udongo na kumrushia. Ukilirusha kwa hasira linapasuka mikononi mwake na kumvaa usoni. Ukilirusha kwa uvivu linarudi kukusalimia wewe kichwani. Likimvaa usoni baba hakugomba. Alishuka, akanawa taratibu, akapanda tena, na wakati wote huo watu wananitazama mimi. Neno lake lilikuwa moja tu: udongo hautaki nguvu, unataka kufika. Baadaye nimefundishwa na makocha wenye vyeti ukutani na filimbi shingoni, na sijaona aliyeongeza kitu juu ya hilo.

Sekondari nilisoma bweni huku Biharamulo, na muhula wa kwanza nililia hadi matroni akaniuliza nimefiwa na nani. Nilikuwa nalilia migomba ya kwetu. Mwalimu wa michezo alinipanga senta kwa sababu nilikuwa mfupi na nilikuwa na kelele. Ninyi mnajua, lakini huenda mjukuu wangu akasoma haya bila kuujua mchezo, basi nimwambie: senta ndiye anayeuanzisha mpira, ndiye anayezunguka karibu uwanja mzima, ndiye anayewapanga wenzake kwa mdomo. Kufunga hawezi. Kufunga ni kazi ya wawili walioko mbele ndani ya nusu duara, GA na GS, herufi zao kifuani. Na ukiudaka mpira huruhusiwi kukimbia nao wala kukaa nao zaidi ya sekunde tatu. Unautoa. Maisha yangu yote nimelipwa kwa kutoa.

Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa ya kunirudisha nyumbani, nami nilikuwa radhi kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kupalilia mihogo ya mama pale alipofika Mwalimu Sospeter. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akifundisha timu ya ofisi yetu ya Biharamulo jioni, bila malipo, kwa mapenzi na kwa ubishi. Alisema senta wao amehamishwa na mashindano ya wafanyakazi yanakuja. Mama alinifungia nguo kabla sijajibu.

Siku ya kwanza kazini niliitwa kwenye usaili. Ofisa alitaka kuona cheti. Mwalimu Sospeter akamwambia cheti kitasubiri, akanipa mpira, akanitoa nje uani. Wakati huohuo akatoka mwanamke mmoja masijala, mrefu, mnene kiasi chake, muhuri mkononi, anamweleza mzee fulani habari za faili lililopotea. Mwalimu akamwita. Yule mama hakugeuka. Alinyanyua mkono wa kushoto juu, pale kando ya mlingoti wa bendera, akaendelea na mzee wake. Nikarusha. Akaudaka kwa mkono mmoja, akamaliza kumwambia mzee arudi kesho, ndipo akaniangalia.

“Huyu anafaa,” akasema, akarudi kwenye mafaili.

Huyo ndiye nitakayemwita Mfungaji. Jina lake silitaji hapa, na mkivumilia kidogo mtajua kwa nini. Alikuwa amevuka arobaini na alikuwa GS wetu. Hakuwa anakimbia. Nilipomuuliza, alisema kukimbia ni kazi ya aliyechelewa. Alisimama chini ya pete kama aliyepandwa hapo na kumwagiliwa, mabeki wanamrukia pembeni kama panzi, na mpira ukimfikia tu, umeingia. Mambo yote ninayowafundisha ninyi yametoka kwake. Kata kucha Ijumaa, si Jumamosi, kwa sababu kucha iliyokatwa leo inakwaruza. Usimtazame mwenzako mkono, mkono unadanganya, mtazame nyonga, maana nyonga ndiyo inayojua inakoelekea. Ukipigwa kiwiko, inuka ukicheka, atajiuliza umefurahia nini.

Na zana zenyewe mngeziona mngerudi kwenu. Mpira ulikuwa wa ngozi, mmoja, ukinyeshewa unakuwa mzito kama boga. Tuliukausha karibu na jiko la ofisi, na mara moja niliusahau hapo tukaingia uwanjani na mpira unaonuka nyama choma. Upepo tuliutia dukani kwa baba yake Salma. Salma alikuwa GA wetu, binti wa wafanyabiashara wa mjini, watu wenye asili ya pwani, na alicheza na suruali ndani ya sketi na ushungi kichwani na bado alikuwa mwepesi kuliko sisi sote. Baba yake alitujazia kwa pampu ya baiskeli, akiubonyeza kwa kidole gumba, akituambia kila safari kwamba tukishindwa tusimtaje. Pete tulichomelewa na fundi wa mageti. Mistari tulichora kwa majivu, kwa hiyo kuku walikuwa wanalala katikati ya uwanja.

Misimu mitatu tulicheza hivyo na ilikuwa raha. Nilikuwa na sauti, na jina la Mfungaji lilikuwa jina zuri la kupigia kelele, limekaa kama filimbi. Naliita, mkono unanyanyuka, mpira umefika. Salma alikuwa akisema tukiendelea hivi yeye atakuja na kiti.

Kisha nikaolewa. Mfungaji alikuwa na mtoto wake wa kwanza, Deus, aliyekuwa akija na baiskeli kumchukua mama yake baada ya mazoezi, na kwa kuwa mama yake hakuwa na haraka ya kitu chochote duniani, kijana alikuwa akisubiri. Nilimpenda kwa mengi, na mojawapo ni kwamba kwao kulikuwa karibu kuliko stendi. Mahari ikaenda Mabawe, ndoa ikafungwa kanisani, nikaingia nyumba ya pili kutoka kwa mama mkwe. Mtu wa nyumbani akapata nyumba.

Kabla sijamaliza wiki, shangazi yake Deus, Shangazi Paskazia, alinikalisha mkekani kunifunda. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo mwenye mdomo mkubwa wa kazi. Mambo ya ukoo wao yalikuwa kama ya kwetu, sikushangaa hata moja. Mama mkwe hutaji jina lake, hata usingizini. Unapompa kitu unampa kwa mikono miwili, goti limekunjwa. Na hutupi kitu upande aliko, hata punje ya mahindi kwa kuku, kwa sababu mwenye kutupia watu vitu anatupia mbwa. Nikaitikia kila neno. Hakuna aliyefikiria mpira, na wa kwanza kutofikiria nilikuwa mimi.

Nililifikiria jambo hilo nikiwa nimeshika mpira. Yalikuwa mazoezi ya kwanza baada ya harusi. Nimefika ukingoni mwa nusu duara, Mfungaji kasimama peke yake, beki kaachwa, mkono juu. Nikafungua kinywa kumwita na jina likakwama. Nikainua mpira na mikono ikakumbuka mkeka. Sekunde tatu zikaisha, filimbi ikalia. Safari ya pili nikampa Salma, Salma akampa yeye. Safari ya tatu hivyohivyo. Tukafika kwenye mechi za kirafiki nikiendelea hivyohivyo, na timu pinzani si vipofu. Walimwacha Mfungaji wakamganda Salma wawili wawili. Tukapigwa na Nyantakara, timu ambayo zamani ilikuwa ikitusalimia kwa kuomba huruma ikituona tumefika.

Salma alinivuta pembeni baada ya mechi ile, ushungi umelowa jasho.

“Vedi, tuulizane. Mimi katika ndoa yenu ni nani?”

“Kwa nini?”

“Kila kitu unanipa mimi nimpelekee mama yako. Nimekuwa mshenga? Si mliishaoana?”

Nikamweleza. Alikuwa mtu wa utani lakini hapo hakucheka. Alisema hata kwao mkwe ni mkwe, lakini hajawahi kusikia mkwe mwenye herufi kifuani.

Mwalimu Sospeter hakuelezwa na mtu, ila aliona. Mashindano ya wafanyakazi yalikuwa yanafanyika Ngara mwezi unaofuata. Akatuita wote, akasema kwa upole wake ule mbaya kwamba senta na mfungaji wasiopeana mpira hawawezi kukaa uwanja mmoja, na asipoona mabadiliko, mmoja atakaa nje. Hakutaja nani. Hakukuwa na haja. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kwa ajili ya usenta. Mfungaji alikuwa ameshakuwa na mkamwana, na kulikuwa na binti mrefu wa hospitali aliyekuwa anaisubiri ile GS kama mtu anayesubiri kiti ndani ya basi. Mfungaji alisikiliza, akafunga kamba za raba zake, akasema tuanze mazoezi.

Niliona vizuri nilipofika. Nikimrushia, nimemvunjia heshima mbele ya watu. Nisipomrushia, namtoa uwanjani kwa mikono yangu mwenyewe, yeye aliyenipokea kwa mkono mmoja siku ile kando ya mlingoti. Nikamwambia Deus. Deus akakuna kichwa, akasema yeye ni mtoto wa mmoja na mume wa mwingine, hapo haingii, akaenda kutazama mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa na ugonjwa wowote. Nikawaza niache mimi, nibaki nyumbani. Maishani mwangu sikuwahi kupewa sababu halali namna hiyo ya kubaki nyumbani, na ajabu yake sikuitaka.

Wiki hiyo mvua ikaangusha upande mmoja wa jiko la mama mkwe. Wakaja majirani kukandika, Shangazi Paskazia akiwa kwenye tope anakanyaga kwa miguu, sketi imepandishwa magotini, anatoa amri. Kijana mmoja alitaka kupanda kichanjani. Mama mkwe akamwambia akachote maji, akapanda mwenyewe, akajifunga kilemba vizuri, akaniita.

“Mkamwana.”

“Abee, mama.”

“Udongo.”

Nikachota tonge, nikalishika kwa mikono miwili, nikaenda kwenye ngazi. Nikapanda kipago cha kwanza nikajaribu kukunja goti. Mnaojua ngazi za miti mtaelewa kwamba haikuwa picha nzuri. Watu wakaanza kukohoa.

“Unakwenda wapi?” akaniuliza kutoka juu.

“Nakuletea, mama.”

“Ukiniletea kila tonge kwa magoti, jiko hili watapikia wajukuu. Baba yako si fundi?”

“Ni fundi, mama.”

“Ulikuwa unampelekea kwa magoti?”

“Hapana. Nilikuwa namrushia.”

“Akasema huna adabu?”

“Hapana, mama.”

“Basi shuka. Rusha.”

Miguu ya Shangazi Paskazia ikasimama kwenye tope. “Wifi,” akasema, “mtoto akutupie udongo? Watu hawa wote wanaona?”

Mama mkwe hakumjibu yeye. Alinitazama mimi, na alisema polepole kama anayesoma namba ya faili. “Ukinipiga nao usoni, hiyo ni dharau. Ukifika mikononi mwangu, umenipa.”

Nikarusha tonge la kwanza. Halikufika nusu ya ukuta. Lilimwangukia Shangazi Paskazia mgongoni, na naapa sikumlenga, ingawa Salma hadi leo hataki kuamini. Watu walicheka hadi kijana wa maji akamwaga ndoo. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa bado amenyoosha mikono. Tonge la pili lilimfika. La tatu likafika. Kufikia saa ya chakula nilikuwa simwoni tena mama mkwe wala Mfungaji, naona mikono miwili inayohitaji udongo.

Ishara zilizaliwa hapo. Yeye alikuwa hapendi kusema ovyo, na mimi jina lake nilikuwa siwezi kulitaja. Akigusa kilemba, anataka tonge la juu. Akijipiga nyonga, anataka la chini. Akikuna kiwiko, subiri, bado analainisha. Tulipomaliza ukuta ule hatukuwa tumeambiana maneno kumi. Jina halikurudi kinywani mwangu hata baada ya hapo. Hilo hakuna aliyelitengua na mimi sikuomba.

Tukaenda Ngara kwenye lori la ofisi, juu ya magunia, kupitia lile pori ambalo siku hizo magari yalisindikizwa na askari wenye bunduki. Wenzangu waliimba. Mimi nilitapika kuanzia lori lilipowashwa, nikiwa nimeikumbatia ndoo, nikiahidi kwamba nikifika salama sitatoka nyumbani tena. Ahadi hiyo niliitoa kila safari kwa miaka yote niliyocheza.

Tulipangiwa kuanza na wenyeji, timu ya Ngara. Na kwa kuwa wenyeji ni watu wangu, mama yangu alishuka kutoka Mabawe na akinamama wa jumuiya yao, wamevaa vizuri kama wanakwenda kipaimara, wakakaa kwenye nyasi palepale nyuma ya goli letu la kufungia. Nilimpigia shikamoo, akaitikia, akaniambia nimekonda. Habari ya udongo sikumwambia. Ningeanzia wapi? Yeye ndiye aliyenifundisha mikono miwili kabla Shangazi Paskazia hajanifundisha.

Filimbi ikalia. Mpira ukatoka kwangu, ukazunguka, ukarudi kwangu ukingoni mwa nusu duara. Beki wao alikuwa amesikia habari zetu. Alimwacha Mfungaji akamkimbilia Salma. Mfungaji akagusa kilemba. Kwa pembe ya jicho nilimwona mama amekaa na mikono mapajani. Nikarusha.

Akinamama wa Mabawe walinyamaza wote kwa mara moja, kama redio iliyoishiwa betri. Mama alivuta khanga akafunika mdomo. Mpira ukaenda juu, ukapita vidole vya beki, ukashuka mikononi mwa Mfungaji. Na yeye, ambaye alikuwa na sekunde tatu tu za kufunga, alitumia moja kunigeukia.

“Asante, mwanangu,” akasema. Alisema kwa sauti ya kutosha nyasi zote zile, sauti ileile ya mtu aliyeletewa maji ya kunawa. Kisha akageuka akafunga.

Pasi ya pili, asante, mwanangu. Ya tatu, asante, mwanangu. Hakuacha hata moja. Mwamuzi alikuja kumtazama, akatafuta kichwani sheria inayokataza shukrani, hakuipata, akarudi. Robo ya pili kuna mama mmoja wa Mabawe alianza kuitikia naye. Robo ya tatu nyasi zote zinaitikia, mpira ukimfika tu wanasema asante, mwanangu, hata wale waliokuja kuwashangilia Ngara, na yule beki alikuwa amechoka zaidi kwa kuisikia ile asante kuliko kwa kuruka. Tulishinda. Salma alilalamika kwamba yeye alifunga pia na hakuna mtu aliyemshukuru.

Mechi ilipoisha mama hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe, wakakumbatiana vile vya kwetu, bega hili na bega lile, na nikasimama pembeni na moyo wangu umesimama kando yangu.

“Mkwe,” mama akaanza, “mwanangu amekutupia vitu mbele za watu.”

“Amenipa, mkwe wangu,” Mfungaji akasema. “Na tangu nizaliwe sijapewa vingi hivyo na mtu mmoja.”

Mama akanigeukia, akanitazama kuanzia raba hadi nywele, akasema tena kwamba nimekonda. Lakini aliniletea maji ya kunywa yeye mwenyewe, na alinipa kwa mikono miwili.

Yaliyofuata ndiyo mnayoyajua, kwa hiyo nitayapita mbio. Binti wa hospitali alicheza WA, winga wa mbele, akang'aa kuliko wote. Ishara zetu zikasifika. Mtangazaji mmoja wa redio alisema kwamba timu ya Biharamulo ina mfumo wa siri wa mawasiliano, nami nikatingisha kichwa kama mtu aliyeufikiria mfumo huo usiku na mchana. Timu nyingine zilituma watu kuja kusoma ishara hizo mazoezini. Hawakujua kwamba kuna siku kilemba kilikuwa kinamteleza tu mwenyewe akakirudisha, na mimi nikapiga mpira wa juu ukapotelea kwenye mihogo ya watu.

Timu ya taifa niliitwa. Ile jezi ipo kabatini na siiazimishi. Niliwekwa kambini Dar es Salaam, nikala wali na samaki hadi nikawa naota matoke. Kocha wa kule alinilalamikia kwamba senta gani haiti majina ya wenzake, nikamwambia kwetu kupayuka majina ya watu si adabu, akaniandika kuwa ni mtulivu chini ya shinikizo. Mpira niliucheza, nao ukafika ulikotakiwa kufika, na waliocheza nami watawaambia. Ila kila mashindano yalipoisha nilikuwa kwenye basi la kwanza, wenzangu wakiwa bado wanatafuta viatu vya kuvaa kwenye sherehe.

Mfungaji aliacha mwenyewe, magoti yalipomwambia. Hakuna aliyemtoa. Nataka mlishike hilo, kwa sababu katika yote niliyofanya uwanjani, hilo ndilo ninalojivunia kuliko jezi. Asubuhi moja nimeingia masijala na birika, akachomoa ile GS yake ya kifuani kwenye droo, imekunjwa vizuri, akanirushia kutoka mezani kwake. Niliidaka chai isimwagike.

Nami nikaendelea hadi nikavuka umri aliokuwa nao yeye nilipomkuta. Kisha nikawafundisha ninyi na waliowatangulia, nikapiga kelele pembeni ya uwanja bila kutaja jina la mtu mwenye heshima zake. Mnanicheka kwamba nawaita “wewe wa kushoto.” Chekeni. Mmoja wenu ataolewa na kaka wa mwenzake na atakuja kuniuliza.

Sasa niseme la sherehe ya kuniaga, maana wengi wenu mlikuwa upande wa chakula hamkuona vizuri. Mlinipa mpira mpya, mweupe, ambao haujawahi kunuka nyama. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele chini ya turubai, kwenye kiti cha mikono, miaka themanini na kitu, shuka miguuni. Macho bado ni yale ya kutafuta faili. Nikaona zawadi hiyo si yangu. Nikaushika kwa mikono miwili, nikatoka meza kuu kwenda kwake, na nilikuwa nimeshaanza kulikunja goti nikiwa bado mbali, kwa sababu goti langu siku hizi linahitaji taarifa mapema.

Akamwashiria mshereheshaji azime muziki. Kisha akainua mkono, polepole sana, akagusa kilemba.

Watu hawakuelewa. Mkamwana wangu mwenyewe alidhani bibi anataka kufungwa kilemba upya, akainuka kumsaidia. Salma peke yake, amekaa na mjukuu mapajani, alipaliwa na soda. Nilisimama pale katikati ya turubai, wazee wa ukoo kushoto, paroko kulia, wakwe zangu wote wananitazama. Nikanyoosha goti. Udongo hautaki nguvu.

Ulipita juu kidogo tu ya meza ya keki. Mikono ile miwili ikafunguka, ikaupokea, ikaufunga kifuani.

“Asante, mwanangu,” akasema, na uwanja mzima ukasikia. Akaugeuza mpira, akaubonyeza kwa kidole gumba kupima upepo, akautuliza mapajani kama mtu asiyekusudia kuurudisha. Kisha akanitazama tena.

“Ila nilikuomba wa juu.”